Mkunga na Mzika Wafu

Katika ofisi ya parokia hutunzwa kitabu cha ubatizo, kitabu cha ndoa na kitabu cha marehemu. Nchini Uingereza desturi hii ina mizizi mirefu. Mwaka 1538, wakati wa Mfalme Henry wa Nane, Thomas Cromwell aliagiza kila parokia iwe na kitabu cha kuandika wanaobatizwa, wanaofunga ndoa na wanaozikwa. Hata leo, baada ya serikali kuwa na ofisi zake za usajili, mambo yanayoandikwa humo ni yaleyale matatu: kuzaliwa, kuoana na kufa.

Tumevikumbuka vitabu hivyo kwa sababu ya tamthilia ya televisheni ya Uingereza iitwayo William and Mary. Iliandikwa na Mick Ford, ikaonyeshwa na ITV kuanzia mwaka 2003 hadi 2005. William Shawcross, anayeigizwa na Martin Clunes, ni mgane mwenye mabinti wawili, na kazi yake ni kuandaa mazishi. Mary Gilcrest, anayeigizwa na Julie Graham, ni mkunga anayelea wavulana wawili. Wanakutana kupitia wakala wa kuwatafutia watu wachumba. Yeye anafanya kazi katika kitabu cha mwisho, mwenzake katika kitabu cha kwanza, na hadithi nzima inauliza kama watathubutu kuandikwa katika kile cha katikati.

Mtu anaweza kusema kwamba mpango huu umenyooka mno, kana kwamba mwandishi alipima kwa rula: huyu wa uhai, yule wa mauti. Hatubishi. Lakini kinachoiokoa tamthilia ni kwamba kazi hizo mbili hazikuwekwa pale kama mapambo. Hadithi inatutoa kwa mama mwenye uchungu wa kuzaa na kutupeleka kwa familia iliyofiwa, kisha inaturudisha. Nasi tunaona kwamba mkunga na mzika wafu wanafanya jambo moja. Kila mmoja anaingia katika nyumba ya watu wasiomfahamu, siku ambayo watu hao hawawezi kujisimamia wenyewe, na kuushika mwili wa binadamu kwa mikono yenye heshima. Kule Uingereza mkunga humfuata mama hadi nyumbani katika siku za kwanza baada ya kujifungua. Na mwandaa mazishi huenda kumchukua marehemu, humwosha, humvika, humlaza ili ndugu waje kumtazama. Hakuna kati ya wawili hao anayepanga saa yake. Mtoto haulizi kama ni usiku, na kifo hakingoji chakula cha jioni kiishe.

Msomaji wa Maandiko hawezi kukosa kuwakumbuka Shifra na Pua, wakunga waliomcha Mungu kuliko walivyomwogopa Farao, wakawaacha watoto wa kiume waishi. Wala hawezi kumsahau Yusufu wa Arimathaya aliyeomba mwili wa Bwana, na Nikodemo aliyekuja na manukato. Wanne hao wametajwa kwa majina. Wakubwa wengi wa zama zao hatuwajui, lakini hao waliopokea watoto na kuzika wafu tunawajua. Tamthilia hii si ya kanisa, wala haikuandikwa ili kufundisha katekisimu. Hata hivyo inaiona heshima ya kazi hizo kwa jicho ambalo sisi tunaohubiri juu ya matendo ya huruma tungepaswa kuwa nalo.

Jambo la pili linalotugusa ni namna mapenzi yanavyoelezwa. Hadithi nyingi za mapenzi husimulia vijana wawili wasio na mzigo, na kizuizi chao huwa mtu wa tatu au wazazi wakali. Hapa kizuizi ni watoto, tena watoto wasio na kosa lolote. Mzazi anayelea peke yake haendi kuonana na mchumba akiwa peke yake. Anakwenda na ada ya shule, na homa ya jana usiku, na kiti kilicho wazi mezani. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Hawa wawili wanaijua kazi hiyo, na kila mmoja anajua kwamba kumpenda mwenzake ni kujitwika malezi ambayo hakuyaanza. Kwa mabinti waliomzika mama yao, mwanamke anayeingia mlangoni anaweza kuonekana kama mtu aliyekuja kufuta jina la marehemu. Ndiyo maana upendo wa aina hii hauna haki ya kuharakisha. Unapaswa kubisha hodi katika kila chumba.

Hapo William anabeba jambo ambalo kichekesho hakiwezi kulificha. Ahadi ya ndoa inataja kifo, lakini bwana harusi kijana huitamka sehemu hiyo kama mtu anayetaja nchi ya mbali asiyotarajia kufika. Mgane amekwisha kufika. Mgane huyu tena, kila siku ya kazi, huwaona wake na waume wakiachana kwa namna ile ya mwisho. Kwake kupenda mara ya pili ni kukubali, macho yakiwa wazi, kwamba siku moja mmoja wao atamzika mwenzake. Clunes, aliyekwisha kujulikana kwa kuwachekesha watu katika Men Behaving Badly kama mwanamume aliyekataa kukua, hapa ni mtu mzima mpole anayejua gharama. Kicheko chake kimepita msibani kwanza, na sisi tunaamini kicheko cha namna hiyo kuliko kingine.

Tuna lawama moja. Tamthilia inatosheka mno na bahati yake. Wawili hawa wanapatana kwa msaada wa wakala, kama mtu anavyonunua tiketi, na hatuulizwi kwa nini ilibidi hivyo. Mkunga amezipokea familia ngapi? Mwandaa mazishi amewasindikiza wangapi? Na bado hakuna jirani aliyewaona kuwa ni wapweke kiasi cha kuwakutanisha. Tukilinganisha na kitabu cha Ruthu, tofauti ni kubwa. Kule mjane mgeni hakuachwa atafute peke yake. Naomi alimwelekeza, Boazi alimlinda shambani, wazee walishuhudia langoni, na mtoto alipozaliwa, wanawake majirani ndio waliompa jina. Ndoa ile ilikuwa kazi ya mji mzima.

Lakini tukishainyoosha lawama hiyo kwa mwandishi, inatupasa tuigeuze ituelekee sisi. Je, katika jumuiya zetu tunawafanyia nini wazazi wanaolea peke yao? Mgane akikaa mwaka mmoja, tunaanza kumpangia wachumba, maana, tunasema, mwanamume hawezi kuishi hivyo. Mjane tunampa pole na kilo za unga, kisha tunamtaka abaki mjane milele ili tuendelee kumhurumia. Na mama aliyeachwa na watoto tunamweka kiti cha nyuma, tukinong'ona akionekana amevaa vizuri. Tunazo orodha za misaada kwa ajili yao, na ni vyema tuwe nazo. Ila mtu anaweza kuwa katika kila orodha ya misaada na asiwe katika moyo wa mtu yeyote. Kama ndugu zetu hao wanaona ni rahisi zaidi kujieleza kwa wakala wasiyemfahamu kuliko kwetu tunaosali nao kila Jumapili, kosa si la wakala.

Hatusemi kila mjane aolewe. Wapo walioitwa kubaki walivyo, na nyumba yao si pungufu. Tunachosema ni kwamba uamuzi huo si wa minong'ono yetu. Wahenga wetu walisema pia, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyumba ya William ilihitaji mgeni, na nyumba ya Mary pia. Zipo nyumba za namna hiyo nyuma ya kanisa letu, na watu waliomo tunayajua majina yao, kwa sababu tumeyaandika katika kitabu cha marehemu tulipowazika wenzi wao, na katika kitabu cha ubatizo tulipowapokea watoto wao. Inabaki kuwabishia hodi.