Itifaki Isiyo na Kurasa: Padre Busa na Ufafanuzi wa Maandiko

Mwaka 1946 Padre Roberto Busa, Mjesuiti wa Italia, alimaliza tasnifu yake juu ya fundisho la uwepo katika maandishi ya Tomaso wa Akwino. Alianza kama wanafunzi wengi waanzavyo: alitafuta katika faharasa maneno ya Kilatini yenye maana ya "uwepo", akaona kwamba hayabebi mzigo alioutazamia. Fundisho lenyewe lilifungamana na neno dogo "in", yaani "katika", ambalo faharasa zilikuwa zimelipita. Basi akaandika kwa mkono kadi 10,000, kila moja ikiwa na sentensi nzima yenye neno hilo au neno lihusianalo nalo. Mwaka 1949 alimwendea Thomas Watson wa IBM huko New York kuomba msaada wa mashine. Kazi iliyotokana na ombi hilo, Index Thomisticus, ilichapwa katika miaka ya 1970 kwa mabuku 56, na tangu mwaka 2005 yapatikana katika intaneti.

Habari hii husimuliwa kama mwanzo wa kompyuta katika elimu ya maandishi. Husahaulika kwamba Busa hakuiomba mashine ili asome kidogo. Alikuwa amekwisha kuyasoma yale aliyotaka yahesabiwe.

Leo mwanafunzi wa theolojia anayo simuni itifaki ya Biblia iliyo pana kuliko ile aliyoiazima mwalimu wake maktabani. STEP Bible, iliyoanzishwa Tyndale House, Cambridge, hutolewa bure. Kurasa za Codex Sinaiticus zilizosalia, zilizotawanyika London, Leipzig, St Petersburg na Sinai, zimewekwa pamoja katika intaneti tangu mwaka 2009, hata aliye Makumira aweza kuzitazama sawa na aliye Leipzig. Faida hii ni kubwa, na anayeidharau hajapata kutafuta kitabu ambacho chuo hakina.

Lakini tutazame zao lake mimbarani. Ni hubiri gani juu ya Yohana 21:15-17 lisilotueleza siku hizi kwamba Yesu aliuliza mara mbili kwa neno *agapao*, Petro akajibu kwa *phileo*, na kwamba la kwanza ni upendo wa Kimungu, la pili ni urafiki tu? Mhubiri amegusa neno kwa kidole, maana ikatokea, hubiri likapatikana. Kama angeendelea kugusa, angekuta kwamba Baba ampenda Mwana kwa *agapao* katika Yohana 3:35 na kwa *phileo* katika Yohana 5:20. Angekuta Dema akiupenda ulimwengu huu kwa *agapao* (2 Tim. 4:10), na katika tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale, tamaa ya Amnoni kwa Tamari ikiitwa *agape* (2 Sam. 13:15). Chombo kilekile kilichompotosha kilikuwa na ushahidi wote wa kumrudisha. Alikoma kwa sababu alikwisha kupata alichotaka.

Kosa hili si la kompyuta. James Barr alilishambulia mwaka 1961 katika kitabu chake juu ya maana ya maneno ya Biblia, naye aliwalenga wataalamu waliotunga kamusi kubwa ya Kittel kwa karatasi na wino. Kipya ni wepesi wake. Kamusi ya Kittel ilimtaka msomaji ajue herufi za Kigiriki. Programu haimtaki hata hilo. Na tangu Novemba 2022, ChatGPT ilipotolewa, hata orodha ya aya yaweza kurukwa: hubiri huja limekwisha kuungwa, bila aya ambazo zingelipinga.

Kwetu sisi lipo jambo jingine, ambalo sijaona likijadiliwa vya kutosha. Namba ambazo programu nyingi huzitumia zatokana na itifaki ya James Strong ya mwaka 1890, iliyotungwa juu ya Biblia ya Kiingereza ya King James. Mwanafunzi wetu basi husafiri kutoka Kigiriki hadi Kiswahili kwa kupitia Kiingereza, na kila hodari wa kutafuta huzidi kufikiri kwa Kiingereza. Akijaribu kutafuta katika Biblia ya Kiswahili yenyewe, sarufi yetu humshinda. Neno zima "penda" litamletea machache, kwa kuwa kitenzi chetu hakitembei peke yake: kuna ampenda, mpendane, upendo, wapendwa. Akitafuta herufi "pend" tu, atapata pia Mungu kupendezwa na Mwanawe katika Mathayo 3:17, na upendeleo ambao Paulo akana kwamba uko kwa Mungu katika Warumi 2:11. Na katika Kigiriki hayo ni maneno mengine kabisa.

Kuyapanga maneno ya Biblia ya Kiswahili kwa mashina yake, na kila shina kuliunganisha na Kiebrania na Kigiriki moja kwa moja, ni kazi ya kuchosha, yahitaji watu wenye kuijua Biblia yote kwa lugha tatu. Vyuo vyetu vinao walimu wa lugha hizo, na vinao wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu.