Mercedes 300 SL: tunasifia milango, tunasahau ekseli

Ukisoma uhandisi mitambo kuna picha utakutana nayo tu, upende usipende: Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954, rangi ya fedha, milango imeinuka juu kama mabawa ya shakwe. Ndiyo maana Wamarekani waliibatiza Gullwing. Mimi niliibandika ukutani hosteli nikiwa mwaka wa pili. Siku hizi nikiiona picha ile macho yanaenda nyuma, chini ya gari, kwenye ekseli, mahali ambapo wapiga picha hawana shida napo. Nadhani gari hili limesifiwa vibaya kwa miaka 70. Wanaolisifia wanaishia kwenye bodi, na kilichokuwa chini ya bodi kilikuwa kinaweza kumuua dereva.

Nianze na haki yake. Ile milango watu wengi wanaichukulia kama mapambo, kumbe ilitokana na hesabu. Gari hili halikuwa na chesisi ya kawaida. Lilijengwa juu ya fremu ya mabomba membamba ya chuma, yamechomelewa yakawa pembetatu nyingi. Hebu chukua vijiti vinne vya mshikaki, vifunge kwa uzi kwenye ncha upate mraba, kisha usukume kona moja. Unalala, sivyo? Sasa fanya pembetatu kwa vijiti vitatu. Haiendi popote, mpaka kijiti kimoja kirefuke, kifupike au kivunjike. Fremu ya 300 SL ilitumia ujanja huo: kila bomba linasukumwa au linavutwa kwa urefu wake, halikunjwi. Matokeo yake ni fremu ya kilo 82 tu iliyobeba gari la karibu kilo 1,300.

Ila ugumu huo ulikuwa na gharama. Fremu ililazimika kupanda juu sana ubavuni, mahali ambapo mlango wa kawaida ungekaa. Basi mafundi wakahamishia bawaba kwenye paa. Ukitaka kuingia unavuka ukingo mpana kama benchi, na usukani unakunjwa ili mapaja yapite. Vioo vya milango havishuki. Wakati wa joto kule ndani ni tanuri. Hayo yote naweza kuyasamehe, maana kila usumbufu una sababu unayoweza kuifuatilia mpaka kwenye bomba fulani.

Injini ndiyo inanifurahisha zaidi. Ni ya lita 3, silinda 6 kwa mstari, na asili yake ni gari kubwa la kifahari la Mercedes 300, lile lililombeba Kansela Adenauer. Hapa waliilaza nyuzi 50 upande mmoja ili boneti iwe chini. Kisha wakatupa kabureta. Pampu ya Bosch ilirusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda, teknolojia iliyokuwa imekomazwa kwenye injini za ndege za kivita. Hakukuwa na gari lingine la injini ya mipigo minne lililouzwa kwa umma likiwa na mfumo huo kabla yake. Nguvu ya farasi 215, na mwendo, kutegemea difu uliyoagiza, wa kati ya 235 na 260 kwa saa. Mwaka 1954 hiyo! Lilikuwa na nguvu kuliko hata gari la mashindano lililolizaa, lile lililoshinda Le Mans mwaka 1952. (Kulikuwa na kasoro moja ya ajabu: ukizima swichi, pampu inaendelea kurusha mafuta mpaka injini isimame kabisa, na petroli ile inashuka kuchafua oili. Fundi wa mtaani angeicheka.)

Sasa twende nyuma.

Shika kalamu mbili, ziunganishe ncha kwa ncha kwa vidole vyako, na kwenye ncha za nje weka vifuniko vya chupa viwe magurudumu. Vidole vyako ndiyo difu. Hiyo ndiyo ekseli ya kubembea: kila nusu inapanda na kushuka kivyake ikizunguka kiungo kilicho katikati. Kwenye barabara mbovu ni kitu kizuri, kwa sababu gurudumu moja likiingia shimoni lingine halisumbuki. Sasa inua vidole. Umeona? Vifuniko vinainama, sehemu ya chini inaingia ndani. Tairi lililokuwa limelala vizuri barabarani sasa limesimama kwa ukingo wake wa nje.

Kwenye kona ya kasi, barabara inasukuma tairi la nje kuelekea ndani ya kona. Kiungo kiko juu kuliko pale tairi linapogusa lami, kwa hiyo msukumo ule unapita kwenye ekseli na kuinua mgongo wa gari. Mgongo ukiinuka, gurudumu linajikunja zaidi na mshiko unapungua. Dereva naye anahisi gari linaenda mrama, anaogopa, anaachia mafuta. Uzito unahamia mbele, nyuma inanyanyuka zaidi, na mkia unakata ghafla.

Tatizo langu hasa liko hapo. Kuachia mafuta ukiogopa ni jambo la kibinadamu, mwili unafanya wenyewe kabla akili haijafika. 300 SL ilimwadhibu mtu kwa jambo hilohilo. Dereva wa mashindano alijua kwamba katikati ya kona mguu unabaki palepale, hata roho ikiwa mkononi. Lakini yale magari 1,400 yaliyotengenezwa kati ya 1954 na 1957 yalinunuliwa zaidi na matajiri, wengi wao Marekani, waliotaka kwenda nalo kwenye chakula cha jioni.

Kuna watakaosema mbona Volkswagen Beetle nayo ilikuwa na ekseli ya namna hiyo, na ilishinda Safari Rally yetu ya Afrika Mashariki mwaka 1962. Kweli kabisa, na ni hoja nzuri. Jibu liko kwenye mwendo. Kona ileile ukiipita kwa kasi mara mbili, nguvu ya pembeni inakuwa mara nne. Kinachovumilika kwenye kigari cha nguvu kidogo kinabadilika kuwa kitu kingine ukikipa farasi 215.

Wengine watasema ndiyo teknolojia ya wakati ule, tusiwahukumu wazee kwa vitabu vya leo. Ningekubali, kama si mambo mawili. Mwaka 1937 gari la mashindano la Mercedes, W125, lilikuwa tayari na ekseli ya nyuma ya De Dion, ambayo haikunji magurudumu namna hiyo. Na Julai 1954, miezi mitano tu baada ya 300 SL kuonyeshwa New York, Mercedes ilipeleka W196 yake Reims, Ufaransa, na Fangio akashinda. Nyuma ya gari lile kulikuwa na ekseli ya kubembea yenye kiungo kimoja kilichoshushwa chini, dawa kabisa ya ugonjwa niliouelezea. Rudolf Uhlenhaut alikuwa na mkono wake kwenye magari yote mawili. Kwa hiyo ujuzi ulikuwepo, tena kwenye kampuni ileile. Fangio alipewa ekseli mpya, mteja akauziwa ya zamani, kwa sababu vipuri vilikuwa tayari na muagizaji wa New York, Max Hoffman, alilitaka gari haraka.

Breki nazo sizipitishi. Zilikuwa za dramu, wakati Jaguar ilishashinda Le Mans 1953 kwa breki za diski.

Mwaka 1957 likaja 300 SL la wazi, Roadster. Fremu ilipangwa upya ubavuni, kwa hiyo milango ikawa ya kawaida na vioo vikashuka. Nyuma, kiungo cha ekseli kilishushwa. Mwaka 1961 likapewa breki za diski. Yalitengenezwa 1,858 mpaka 1963, na kama mashine yanaipita Gullwing kila upande ninaoujua, isipokuwa ule wa kupigwa picha. Siku nikiokota dola milioni na ushee, nitatafuta Roadster la 1962. Ile picha ya ukutani niliiacha hosteli, sijui ni nani anaitazama sasa.