Kwa Nini Uganda Inatoa Warushaji Kabla ya Wapigaji

Mwaka 2022 klabu ya besiboli ya Los Angeles Dodgers ilisajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Wote wawili ni warushaji. Baadaye Pittsburgh Pirates wakamchukua Mganda mwingine, David Matoma, naye pia mrushaji, ambaye mpira wake umepimwa karibu na kilomita 160 kwa saa. Sisi wachache tunaofuatilia besiboli huku Malindi tulifurahi sana. Mechi ya jioni ya Pittsburgh huanza karibu saa nane za usiku kwa saa zetu, mtaa wetu wa Muyeye wote umelala, na kuona jina la jirani yako likitajwa katika mchezo huo ni jambo kubwa. Lakini furaha haikuniondolea swali: mbona wote warushaji? Wapigaji wako wapi?

Nimelifikiria kwa muda, na naamini jibu halihusiani na vipaji vya Waganda. Linahusu jinsi kijana anavyoonekana, anavyochaguliwa na anavyolelewa baada ya kuchaguliwa.

Tuanze na mlango wa kuingilia. Marekani wana drafti, utaratibu ulioanza mwaka 1965, ambapo klabu 30 hupokezana zamu ya kuchagua vijana kutoka shule za sekondari na vyuo. Siku hizi raundi ni 20, kwa hiyo kila mwaka huchaguliwa vijana wapatao 600. Drafti hiyo ni ya wakazi wa Marekani, Kanada na Puerto Rico peke yao. Kijana wa Kampala, Santo Domingo au Malindi hapiti hapo. Yeye husajiliwa moja kwa moja, na anaweza kusaini akiwa na miaka 16, katika dirisha linalofunguliwa kila tarehe 15 Januari. Mara nyingi vijana kama hao hupelekwa kwanza Jamhuri ya Dominika, ambako kila klabu kubwa ina kituo chake cha malezi, ndipo wapande ngazi za ligi za chini moja baada ya nyingine.

Tofauti hii ina maana kubwa. Kijana wa Marekani anayeingia drafti amecheza na kuonwa katika mechi nyingi sana, mbele ya wasaka vipaji wengi, kwa miaka. Kijana wa Uganda huenda akaonwa kwa siku chache tu. Na katika siku chache, kuna kitu kimoja kinachopimika vizuri: mkono.

Msaka vipaji hubeba kipima kasi cha rada, cha aina ile ile wanayotumia polisi wa barabarani. Kijana akirusha mipira ishirini, namba ziko pale. Siku hizi kuna na kamera zinazohesabu mpira unazunguka mara ngapi kwa dakika na unapinda kwa sentimita ngapi. Namba ya Mpigi kule Uganda na namba ya California ni sawa, na haijali kama aliyesimama mbele na gongo ni bingwa au ni mtoto aliyeanza mchezo wiki jana.

Hata kwa macho matupu mkono huonekana. Simama chini ya mwembe hapa Muyeye wakati wa msimu, uwaangalie watoto wakirusha mawe. Wengi hurusha kwa bega tupu na jiwe linapotea majanini. Lakini atatokea mmoja: mguu wa mbele unatua kwanza, nyonga inageuka kabla ya bega, kiwiko kinafuata, na kiganja kinakuja mwisho kabisa. Jiwe linapiga kikonyo, embe linaanguka zima. Hakuna aliyemfundisha mpangilio huo, na ndio ule ule anaolipiwa mrushaji wa Pittsburgh. Ningekuwa msaka vipaji, ningeuliza jina la mama yake papo hapo.

Sasa mweke mtoto huyo ashike gongo. Kutoka kwa mrushaji hadi besi ya nyumbani ni mita 18.44. Mpira wa kilomita 160 kwa saa hufika kwa takriban sehemu nne za kumi za sekunde. Katika muda huo mpigaji anapaswa kuuona mpira ukitoka kiganjani, kujua ni wa kasi au wa kupinda, kuamua kupiga au kuuacha, kisha kuzungusha gongo. Kuzungusha kwenyewe kunakula sehemu kubwa ya muda, kwa hiyo uamuzi hufanyika mpira ukiwa bado njiani mbali. Nguvu za misuli hazitoshi. Inabidi jicho liwe limeona maelfu ya mipira kama huo, kutoka kwa warushaji wa kweli wanaotaka kumdanganya.

Mkono unaweza kukua peke yake, jicho la mpigaji haliwezi. Mfano wa kwanza ni wetu wenyewe Wakenya. Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za mabingwa kwenye YouTube, na mwaka 2015 pale Beijing akatupa mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia. Yego alihitaji uwanja, mkuki na akili yake. Mkuki haukuwa na mpinzani wa kuupindisha njiani. Mrushaji wa besiboli yuko karibu na hali hiyo: ukuta, mpira na nidhamu vinamfikisha mbali. Mpigaji bila mrushaji mzuri mbele yake hafiki popote.

Mfano wa pili ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, na huyu nataka tumtazame kwa makini. Alikulia katika jengo la klabu ya Randburg ambako mama yake alikuwa akifanya kazi. Mwaka 2008 aliitwa kwenye kambi ya vijana ya ligi kuu ya Marekani iliyofanyika Tirrenia, karibu na Pisa. (Kwa Malindi yetu yenye wageni wengi wa Kiitaliano, ni vizuri kujua kwamba njia ya Mwafrika wa kwanza kufika ligi kuu ilipitia Italia.) Hapo Pirates walimwona na kumsajili. Walichokiona ni glavu. Alicheza kati ya besi ya pili na ya tatu, sehemu ngumu kuliko zote za ulinzi wa ndani, kwa miguu myepesi na mikono isiyotetemeka. Ulinzi nao, kama kurusha, unaweza kuufanyia mazoezi siku nzima na rafiki mmoja na mpira mmoja.

Gongo lilimchukua zaidi ya miaka minane katika ligi za chini. Alianza akipiga pande zote mbili, kulia na kushoto, kisha akaacha upande mmoja ili apunguze mzigo wa kujifunza. Tarehe 26 Aprili 2017 akaingia uwanjani dhidi ya Chicago Cubs, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu. Mara ya kwanza kushika gongo, mbele ya Jon Lester, mrushaji aliyeheshimika sana, akapiga na kufika besi ya kwanza. Huku kwetu ilikuwa usiku wa manane kuamkia tarehe 27. Lakini mwaka huo alimaliza na wastani wa .222 katika mechi 28, yaani mapigo mawili safi kwa kila majaribio tisa. Mwaka uliofuata Toronto ikampa mechi 13, na hapo safari yake ya juu ikaishia kwenye mechi 41. Mtu anaweza kusema alishindwa. Mimi nasema alifanya jambo zito kuliko wote tuliowataja, kwa sababu alijifunza ukubwani kile ambacho wenzake wa Dominika walianza wakiwa na miaka sita.

Mwafrika wa pili kufika huko, Tayler Scott, mzaliwa wa Johannesburg, alipitia njia tofauti. Alihamia Arizona akiwa kijana, akasoma sekondari huko, na kwa hiyo akaingia drafti kama Mmarekani: Cubs walimchagua raundi ya tano mwaka 2011. Alifika ligi kuu mwaka 2019. Naye ni mrushaji.

Hata Wamarekani wenyewe, pamoja na mechi zao zote, husoma mkono kwa urahisi kuliko gongo. Paul Skenes alichaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2023, akaingia ligi kuu Mei 2024, na mwaka 2025 akatwaa tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora. Kila mtu alikuwa amemwona. Albert Pujols, kwa upande mwingine, alichaguliwa raundi ya 13 mwaka 1999, wa 402. Wachezaji 401 walitajwa kabla ya mtu aliyekuja kupiga mpira nje ya uwanja mara 703. Kama wao waliokuwa na kila kipimo walimpita Pujols, msaka vipaji aliyekaa Uganda siku nne atawezaje kumjua mpigaji? Atachukua mkono, arudi nyumbani. Simlaumu.

Lakini Uganda imekwisha kuonyesha kwamba watoto wake wanaweza kupiga. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilifuzu kwa mashindano ya dunia ya Little League kule Williamsport, ikanyimwa viza. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi wakafika, timu ya kwanza kutoka Afrika, na wakaifunga Gresham ya Oregon 3-2. Mwaka 2015 Waganda walirudi na kuifunga Jamhuri ya Dominika 4-1. Hao walikuwa watoto wa miaka 11 hadi 13, waliocheza kwenye uwanja mdogo ambapo mrushaji yuko mita 14 tu.

Kinachofuata ndicho kinachoniuma. Baada ya umri huo mtoto hupelekwa uwanja mkubwa, besi zikiwa umbali wa mita 27.43 badala ya 18.29. Mdominika wa miaka 14 hucheza karibu kila siku. Mganda wa miaka 14 ana mazoezi mengi na mechi chache. Miaka mitano hiyo, kati ya 13 na 17, ndiyo inayolifanya jicho lianze kutofautisha mpira wa kasi na wa kupinda.

Mganda Dennis Kasumba ni ushahidi wa pande zote mbili. Video zake akifanya mazoezi na matairi ya gari zilizunguka dunia nzima, na mwaka 2023 zikamfikisha Frederick, Maryland, kwenye ligi ya vijana wanaotafuta nafasi ya drafti. Ni mdakaji, na bidii yake haina mfano. Lakini tairi halirushi mpira wa kupinda. Alikutana na warushaji wa vyuo vya Marekani akiwa ameona wachache mno wa kiwango kile, na hakuna bidii inayoweza kuziba pengo hilo kwa wiki chache.

Kuna na hatari ya kuuza mikono peke yake. Mkono wa kijana huchakaa. Little League yenyewe humruhusu mtoto wa miaka 11 au 12 kurusha mipira 85 tu kwa siku, kisha apumzike. Mahali ambapo kasi ndiyo tikiti pekee ya kutoka, kocha na mzazi watashawishika kumrushisha mtoto mpaka kiwiko kikatike, wakimtafutia namba ya rada. Kano ya kiwiko ikikatika, dawa ni upasuaji na zaidi ya mwaka mzima wa kukaa nje.

Kwa hiyo kwa wenye klabu zilizokuja Uganda, na kwa wakuu wa mchezo huu Kampala na Nairobi, ombi langu ni moja. Kambi za siku tatu zimetosha, video zimetosha. Wapeni vijana wa miaka 13 hadi 17 ligi: ratiba inayojulikana, mwamuzi, mipira ya kutosha, usafiri wa basi kutoka mji hadi mji, mechi arobaini kwa mwaka. Wekeni kikomo cha mipira kwa kila mrushaji na kiandikwe. Ligi ya namna hiyo haina gharama ya kutisha ukiilinganisha na dola milioni 9.2 alizolipwa Skenes siku ya kusaini. Na kila mechi ina kijana mmoja anayerusha na tisa wanaosubiri zamu ya kushika gongo.