Nyumba Isiyo na Mlango

Mtu akijenga nyumba, hufikiri mapema habari za mlango na kufuli. Lakini huko São Paulo, katika nchi ya Brazili, ipo shule kubwa ambayo lango lake halina mlango hata mmoja. Ni shule ya Chuo Kikuu cha São Paulo inayofundisha ufundi wa kuchora majengo. Aliyeichora ni mwalimu wake mwenyewe, João Batista Vilanova Artigas, pamoja na mwenzake Carlos Cascaldi, mwaka 1961. Ilimalizika kujengwa mwaka 1969.

Artigas alizaliwa Curitiba mwaka 1915. Alisomea uinjinia São Paulo, akamaliza mwaka 1937. Mwaka 1948 alikuwa mmoja wao walioanzisha shule hiyo. Alichora nyumba za watu, kituo cha mabasi cha Londrina, na uwanja mkubwa wa mpira wa Morumbi. Lakini mafundisho yake yaonekana zaidi katika shule ile.

Kwa nje ni kama sanduku kubwa la saruji tupu, bila rangi wala pambo, juu ya nguzo zilizokonda kiunoni. Macho yaogopa kidogo: uzito wote ule wakaaje pale? Ndani, watu hupanda kwa njia pana za mteremko zinazounganisha orofa zote. Anayepanda huwaona wenzake walio juu na walio chini. Katikati ni ukumbi mpana wa mikutano, na mwanga washuka toka darini. Mwalimu alitaka wanafunzi wajifunze kukaa pamoja kabla ya kujifunza kuchora. Naona alifaulu: hakuna anayeweza kujificha humo.

Hata hivyo tusisifu tu. Dari lile la matundu mengi ya mwanga lilivuja miaka mingi. Fundi aliyefungulia watu wote nyumba yake angalikumbuka kwamba mvua nayo haibishi hodi. Wazo zuri halimkaushi mwanafunzi aliyelowa.

Tena, nyumba wazi haikumlinda mwenyewe. Artigas alikuwa mfuasi wa chama cha Wakomunisti. Askari waliposhika serikali mwaka 1964, alikamatwa, kisha akakimbilia Uruguay kwa muda. Mwaka 1969, mwaka ule ule shule ilipomalizika, serikali ilimwondoa katika kazi ya ualimu. Aliyeondoa mlango akatolewa nje!

Alirudi baada ya sheria ya msamaha ya mwaka 1979, lakini kwa cheo cha chini, kama mwalimu msaidizi. Mwaka 1984, mzee wa karibu miaka sabini, alisimama mbele ya watahini ili apewe cheo cha profesa mkuu. Akafaulu. Januari 1985 akafariki.

Basi, tumpimeje? Wengine husema jengo lake ni zito na baridi. Mimi nasema kosa lake ni dari, wala si lango. Dari fundi mwingine aweza kulitengeneza. Lakini shule iliyojengwa kwa kuwaogopa watu, nani atakuja kuitengeneza? Askari waliacha utawala mwaka 1985. Lango lile halijatiwa mlango.