Kusikiliza Kabla ya Kuandika

Ngaremara iko kandokando ya barabara kuu ya Isiolo kwenda Marsabit, kabla hujafika Archer's Post. Wakazi wake wengi ni Waturkana wafugaji, na mali yao kubwa, ukiacha mifugo, ni malisho ambayo hapana mtu awezaye kusema ni yake peke yake. Kazi ya wakili wa haki za raia ningependa kuipimia mahali kama hapa. Nairobi ina wasifu wa kutosha.

Kwa miaka mingi sheria ilifika Isiolo ikiwa imevaa sare. Kanuni za usalama za 1966 zilizoibana wilaya hii pamoja na Kaskazini Mashariki hazikufutwa hadi 1991. Mwaka 1970 ikaja Sheria ya Kinga, iliyomzuia mwananchi wa maeneo hayo kuwashtaki maafisa wa usalama kwa waliyoyatenda kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Lugha yake ilikuwa safi kabisa. Tusisahau kwamba hiyo nayo iliandikwa na mawakili.

Mwaka ule ule wa 1970, Yash Pal Ghai, mzaliwa wa Ruiru aliyekuwa akifundisha sheria Dar es Salaam tangu 1963, alitoa kitabu pamoja na Patrick McAuslan kuhusu sheria ya umma na mabadiliko ya kisiasa nchini Kenya. Walionyesha jinsi serikali huru ilivyorithi mabavu ya mkoloni yakiwa yamefungashwa katika sheria. Baadaye alifundisha Warwick, kisha Hong Kong, na visiwa kadhaa vya Pasifiki vilimwita ashauri juu ya katiba zao.

Kitendo chake ninachokipenda zaidi ni kutoapa. Mwishoni mwa 2000 Rais Moi alimteua kuongoza tume ya kurekebisha katiba. Wakati huo viongozi wa dini na wanaharakati walikuwa na tume yao, ya Ufungamano, kwa kuwa hawakuiamini ile ya serikali. Mwingine angeapa kwanza, apate ofisi na dereva, halafu aanze kuzungumzia umoja. Ghai alikataa kula kiapo mpaka ifunguliwe njia ya kuziunganisha pande mbili, na mwaka 2001 zikaungana. Alijua kwamba katiba inayoandikwa huku nusu ya nchi imenuna nje haitaheshimiwa na mtu.

Kisha tume ikatembelea maeneo bunge yote 210, Isiolo Kaskazini ikiwemo. Hapo ndipo ufundi ulipo. Mfugaji hazungumzi kwa vifungu. Atakueleza habari za kisima, za njia ya ng'ombe iliyozibwa, za chifu asiyesikia. Mwandishi wa sheria anatakiwa kutambua ndani ya maneno hayo ni nani anayemiliki, nani anaamua, na mlalamishi aende wapi, kisha ayapange yasimame hata mbele ya hakimu mkali.

Rasimu ya Bomas ya 2004, iliyotokana na kazi hiyo na kuigawa ardhi kuwa ya umma, ya jamii na ya binafsi, iliwekwa kando, na ile iliyobadilishwa ikakataliwa na wapiga kura mwaka 2005. Katiba ya 2010 ilikamilishwa na kamati nyingine, chini ya Nzamba Kitonga. Lakini mgawanyo huo wa ardhi ulibaki. Kifungu cha 63 kinasema ardhi ya jamii ni mali ya jamii yenyewe, na kile cha 22 kinaelekeza kwamba kesi ya kutetea haki isitozwe ada ya kuiwasilisha. Fiji, ambako Ghai aliongoza tume ya katiba mwaka 2012, mambo yalikuwa machungu zaidi: polisi walizichukua nakala za rasimu, na baadhi ya kurasa zikachomwa moto. Yeye alirudi kazini. Mwaka 2011 alikuwa tayari ameshiriki kuanzisha Katiba Institute, pamoja na mkewe, Jill Cottrell Ghai, kwa sababu kifungu kisichopelekwa kortini hulala.

Sasa zamu ni ya wenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema mkataba wa uwekezaji hauna nguvu bila kuidhinishwa na theluthi mbili ya wanajamii watu wazima katika mkutano ulioitishwa kwa jambo hilo. Msomaji wa Ngaremara, ukiitwa kwenye mkutano wa namna hiyo, hesabu watu kabla hujainua mkono.