Magari Madogo ya Sinema

Katika uraibu wote ambao mtu mzima huchekwa kwa ajili yake, kukusanya magari madogo ya kuchezea labda ndio unaochekwa kwanza. Mwenye kukusanya stempu husemwa kuwa anajifunza jiografia, na mwenye kukusanya sarafu husemwa kuwa anajifunza historia. Lakini mtu wa miaka 50 atoaye fedha nyingi kwa gari lenye urefu wa sentimita 10, tena gari lililopata sifa katika sinema, huhesabiwa kuwa amerudi utotoni. Mimi sitamcheka, wala sitamsifu kabla ya kumsaili. Nia yangu ni kuyatazama magari hayo kama tuitazamavyo hadithi au picha, na kuyauliza maswali yale yale: Kimeigwa nini? Kimeachwa nini? Na aliyeiga, je, amesema kweli?

Yatupasa kwanza kujua jinsi vitu hivi vinavyofanywa. Zinki iliyochanganywa na aluminiamu, na shaba na magnesiamu kidogo zaidi, huyeyushwa, kisha husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Kuchonga kalibu ni kazi ya gharama kubwa, lakini ikiisha kuchongwa hutoa magari maelfu kwa maelfu. Tulikumbuke jambo hili la gharama, kwa maana ndilo linaloeleza mengi ambayo mkusanyaji hudhani kuwa ni sanaa.

Huko Uingereza palikuwa na wafanyaji watatu mashuhuri. Kampuni ya Meccano ya Liverpool ilitoa magari ya Dinky tangu miaka ya 1930. Kampuni ya Lesney ya London ilianza magari ya Matchbox mwaka 1953, na kampuni ya Mettoy ikaanza magari ya Corgi mwaka 1956, katika kiwanda chake cha Swansea, nchi ya Wales. Zamani waliiga vitu vilivyoonekana barabarani: basi, lori, trekta, gari la zimamoto. Televisheni ilipoingia nyumbani mwa watu, watoto walianza kutaka gari la fulani badala ya gari tu. Mwaka 1965 Corgi walitoa Volvo nyeupe ya mchezo wa televisheni uitwao The Saint. Ukiichunguza utaona kwamba ni Volvo yao ile ile ya zamani iliyopakwa rangi nyeupe na kutiwa alama ya mtu mweusi mwembamba juu ya boneti. Kalibu haikubadilika, lililobadilika ni jina. Huo ni uigaji wa kivivu, nami sioni sababu ya kukaa nao.

Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, kiwanda kile kile kilitoa kazi ya namna nyingine kabisa. Sinema ya Goldfinger ilikuwa imeonyeshwa mwaka 1964, na ndani yake James Bond aliendesha gari la Aston Martin DB5 lenye silaha za siri. Corgi walichukua kalibu yao ya Aston Martin ya zamani, wakaibadili, wakaijaza mitambo. Ukibonyeza mabomba ya moshi, ngao ya kuzuia risasi huinuka nyuma. Ukibonyeza kitufe ubavuni, bunduki mbili hutokeza mbele. Ukibonyeza kitufe kingine, paa hufunguka, na abiria aliyeketi kando ya Bond hurushwa juu pamoja na mashaka yake yote. Kichezeo hiki kilituzwa Uingereza kuwa kichezeo bora cha mwaka 1965, na kiliuzwa kwa mamilioni.

Hapa mhakiki hukutana na tatizo la kwanza. Gari la sinema lilikuwa la rangi ya fedha, na gari la Corgi lilikuwa la rangi ya dhahabu. Husemwa kwamba gari la majaribio lililopakwa rangi ya fedha lilionekana kama chuma kitupu ambacho hakijapakwa rangi. Tena dhahabu ilipatana na jina la sinema yenyewe. Mwaka 1968 Corgi walilitoa gari hilo upya, kubwa kidogo, la rangi ya fedha kama ilivyostahili, lenye sahani za namba zinazozunguka na visu vya kukata magurudumu ya adui. Kwa kipimo cha usahihi, gari la pili ni bora. Hata hivyo ni lile la dhahabu ambalo watu hulitaja kwa upendo. Nami nakubaliana nao, kwa sababu ambayo si ya mapenzi tu. Mwigaji wa kwanza aliuliza ni kitu gani katika sinema ile kitakachokaa moyoni mwa mtoto, naye akajibu kwa rangi moja ya uongo na mtambo mmoja wa kweli.

Nasema mtambo wa kweli kwa makusudi. Aliyerushwa angani katika sinema alikuwa sanamu, si mtu. Na mwaka 2020 kampuni ya Aston Martin yenyewe ilipotengeneza magari 25 makubwa ya kuuza kwa mfano wa lile la Goldfinger, magari yasiyoruhusiwa kuendeshwa barabarani, bunduki zake zilikuwa za kuigiza na kiti chake hakimrushi mtu. Katika ukoo huo wote, ni kile kichezeo cha watoto tu ambacho hutenda kila siku, mbele ya macho yako, jambo ambalo hadithi ilisema gari lile linaweza kutenda.

Sasa tumtazame mkusanyaji. Abiria yule ni mdogo kuliko ukucha. Akirushwa huangukia chini ya kabati, huingia katika ufa wa sakafu, humezwa na mbwa. Corgi walilijua hilo, ndiyo maana ndani ya sanduku waliweka abiria wa akiba. Kichezeo hicho kilibuniwa kwa matumaini kwamba kitu kitapotea. Lakini sokoni, miaka 60 baadaye, gari lenye bei kubwa ni lile ambalo abiria wake hajapotea, rangi yake haijachubuka, sanduku lake halijakunjika pembe, na bahasha ya maelezo ya siri haijafunguliwa. Yaani anayelipwa vizuri zaidi ni yule ambaye gari lake halikutimiza kazi liliyofanyiwa. Msidhani kwamba nawalaumu wenye kuhifadhi, kwani bila wao leo tusingejua rangi zilikuwaje. Ila napinga kuuita usafi huo uzuri. Gari lililochubuka mbele, ambalo kitufe chake kimelegea kwa kubonyezwa, lina jambo la kutueleza ambalo gari la ndani ya sanduku halilijui.

Nikiwa mwalimu wa Kiswahili siwezi kulipita gari jingine la Corgi, kwa sababu lilibeba neno letu. Tangu mwaka 1966 hadi 1969 Marekani ilionyesha mchezo wa televisheni ulioitwa Daktari, habari za mganga wa wanyama aliyekaa Afrika Mashariki. Ulichochewa na kazi ya daktari wa wanyama A. M. Harthoorn, aliyefanya kazi katika nchi zetu hizi. Lakini sehemu kubwa ya picha zake zilipigwa California, katika shamba la wanyama lililopewa jina la Africa U.S.A. Corgi wakatoa Land Rover ya kijani yenye milia myeusi kama ya punda milia, pamoja na sanamu ndogo za daktari na binti yake, sokwe, simba, na juu ya boneti, chui milia.

Chui milia! Mnyama huyo makao yake ni Asia. Hakuna mbuga ya Kenya wala ya Tanzania iliyopata kuwa na chui milia wa asili. Mtoto wa Kiingereza aliyelipokea sanduku hilo siku ya kuzaliwa aliipokea Afrika nzima kwa mara moja, nayo ilikuwa Afrika iliyokusanywa California. Tumlaumu nani? Mfanyaji wa kichezeo aliiga mchezo wa televisheni kwa uaminifu, kwani mchezo wenyewe uliwatia chui milia katika hadithi zake. Basi huu ni uaminifu kwa mwongo, nao waweza kupeleka uongo mbali kuliko mwongo mwenyewe. Kipindi cha televisheni hupita kwa saa moja, lakini sanamu hukaa mkononi mwa mtoto miaka mingi. Hata hivyo nakiri kwamba Land Rover yenyewe imefanywa vizuri, na ningependa kuiona juu ya meza ya darasa, ili wanafunzi waambiwe: tafuteni kosa.

Gari la tatu lina uzito mwingine. Mwaka 1979 hadi 1985 Marekani ilionyesha mchezo wa The Dukes of Hazzard, wa vijana wawili wa kusini waliomkimbia mkuu wa polisi kwa gari la Dodge Charger la rangi ya chungwa. Jina la gari ni General Lee, na juu ya paa lake ilichorwa bendera ya vita ya majimbo ya kusini, yale yaliyojitenga na kupigana mwaka 1861 hadi 1865 ili kuulinda utumwa. Kampuni ya Ertl ya Iowa na nyingine zilitoa magari madogo ya General Lee kwa wingi, na watoto weupe kwa weusi wakayaendesha sakafuni bila kuuliza paa linasema nini. Mwezi wa Juni mwaka 2015 mzungu mmoja aliwaua Wamarekani weusi tisa kanisani huko Charleston, na picha zilimwonyesha ameishika bendera hiyo. Katika mwezi huo huo kampuni ya Warner Bros., yenye haki za mchezo ule, ilitangaza kwamba haitaruhusu tena vichezeo vyenye bendera ile kutengenezwa.

Wakusanyaji wengine walinung'unika, wakisema kwamba gari lisilo na bendera si General Lee. Kwa upande wa usahihi wana haki: paa tupu halikuonyeshwa hivyo. Lakini usahihi si hoja pekee, kama tulivyoona kwa rangi ya dhahabu. Kwa maoni yangu gari jipya la mtoto lisiwe na bendera, na gari la zamani lisikwanguliwe rangi. La zamani ni ushahidi, na ushahidi haufanyiwi usafi. Anayeliweka kabatini na awe tayari kumjibu mgeni wake atakayeuliza.

Siku hizi kuna kampuni, kama GreenLight ya Marekani, zinazotoa misururu mizima ya magari ya sinema kwa ajili ya watu wazima, na ndani yake huchanganya makusudi machache ya rangi tofauti ili yatafutwe. Uhaba wa zamani uliletwa na watoto, waliovunja na kupoteza. Uhaba huu hupangwa kiwandani, nami sina hamu nao.

Wala zinki haidumu milele kwa kila mtu. Magari mengi ya Dinky ya kabla ya vita vya mwaka 1939 yalimiminwa kwa zinki iliyoingiwa na risasi kidogo, na uchafu huo huyala kutoka ndani: hufanya nyufa, huvimba, kisha huvunjika yenyewe rafuni, hata kama hayakuguswa.

Huku kwetu watoto wengi wameyajua magari ya waya kabla ya haya ya zinki. Mtoto hukunja waya kuwa mwili wa lori, hufunga magurudumu ya vizibo au ya ndara kuukuu, kisha huchomeka kijiti kirefu chenye usukani, naye huliendesha akitembea wima. Hakuna milango, hakuna rangi, hakuna vioo. Lakini tazama ni nini asichokiacha: usukani, tena unaogeuza magurudumu kweli. Lile Aston Martin la dhahabu, pamoja na mitambo yake yote, halikuwa na usukani wa kuyageuza magurudumu.