Kambi isiyo na farasi: jinsi jando la Kikristo lilivyosukwa Masasi

Makanisa mengi ya Marekani huendesha kambi za likizo ambako vijana hupanda farasi asubuhi na kusoma Biblia jioni. Ukiiangalia kambi hiyo kwa jicho la fundi, farasi si pambo. Yeye ndiye mtihani. Ni mnyama mkubwa kuliko kijana, anatisha, anataka kulishwa na kusafishiwa banda kila siku, na mpandaji hamwezi mpaka amsikilize mwalimu. Hofu ikishapita chini ya usimamizi wa mkubwa, masikio hufunguka, na mahubiri ya jioni humkuta kijana yuko tayari.

Huku Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, farasi huyo asingedumu. Mbung'o wangemmaliza. Machi 1866 msafiri David Livingstone alishuka Mikindani na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, baghala na punda, akipanda nao bonde la Ruvuma. Alitaka kuona, pamoja na mengine, kama wanyama hao wangestahimili kuumwa na mbung'o. Wengi wao walikufa mmoja baada ya mwingine, na jaribio lenyewe likavurugika: askari wa Kihindi wa msafara wake waliwapiga na kuwachosha wanyama kupita kiasi, hata ikawa vigumu kujua yupi aliuawa na nzi na yupi na fimbo. Jibu la kitaalamu lilikuja miaka karibu 30 baadaye, daktari David Bruce alipothibitisha huko Zululand, Afrika Kusini, kwamba mbung'o ndiye anayebeba vimelea vya ugonjwa unaowaua wanyama hao. Farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika vibaya zaidi.

Hata hivyo, kambi ya Kikristo ya vijana porini ilikuwepo upande huu wa kusini, na ilikuwa na mtihani mkali kuliko farasi: kisu cha ngariba.

UMCA, misheni ya Kianglikana, ilifika Masasi mwaka 1876 chini ya Askofu Edward Steere, ikaweka hapo kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Kwa miongo kadhaa mapadre hawakuwa na msimamo mmoja juu ya jando. Kulikataza ilikuwa rahisi kusema, lakini mvulana wa Kimakua, Kiyao au Kimwera asiyepita kumbini alibaki mtoto hata akiota ndevu. Hapati mke kwa heshima, wala hana sauti penye wazee. Kwa hiyo wavulana wa misheni walikwenda tu, kwa siri au kwa ruhusa ya kimyakimya, na waliporudi walikuwa wamefundwa na watu wengine. Baada ya vita vya Maji Maji, Uislamu ulipokuwa unaenea kusini, jando nalo lilianza kuchukua sura ya Kiislamu. Kanisa lilikuwa linapoteza vijana wake katika wiki zilezile ambazo masikio yao yako wazi kuliko wakati wowote.

Aliyelishika suala hili kwa utaratibu ni Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926 hadi 1944. Hoja yake aliiandika katika insha iliyochapishwa mwaka 1928. Njia yake ni ya kufungua mashine na kupanga vipuri mezani: hiki ni kizuri, kibaki, hiki hakina ubaya wala uzuri, kiachwe kilivyo, hiki hakifai, kitolewe. Mtu asiyependa wamisheni atasema ni hila, na hakosei sana. Lakini ni hila ya mtu aliyetazama kwanza.

Kilichobaki ni fremu nzima. Majira yalikuwa yaleyale ya kiangazi, baada ya mavuno, ghala likiwa na chakula na njia zimekauka. Wavulana walitengwa na mama zao, vibanda vikajengwa porini, wakapewa walezi, wakafundwa kwa wiki kadhaa, na siku ya kutoka ikawa na nguo mpya na ngoma ya kijiji kizima. Kilichotolewa ni tambiko la unga kwa mizimu chini ya mti, pamoja na nyimbo za matusi. Palipokuwa na tambiko pakawekwa Misa na sala, na padre akakaa kumbini. Mafundisho ya adabu, ya kuheshimu wakubwa na ya mwili wa mwanamume yaliendelea, yakiambatana na katekisimu. Baadaye hata kisu kiliingia mikononi mwa wahudumu waliofunzwa hospitali ya misheni.

Nadhani sifa nyingi mno amepewa Lucas peke yake. Mzungu asingeweza kujua kipuri kipi kikitolewa mashine inazimika. Waliojua ni mapadre Waafrika wa dayosisi, watu waliopita kumbini wenyewe kabla ya kupata upadre. Kijijini walikuwa na vyeo viwili, cha madhabahuni na cha mtu mzima aliyetahiriwa. Mzee wa ukoo angeweza kubishana nao juu ya mti na unga, lakini asingeweza kuwaambia hawajui wanachokisema.

Ushahidi wa hilo uko upande wa wasichana, ambako njia hiyohiyo ilijaribiwa ikayumba. Jando hukusanya wavulana kwa mkupuo na padre anaweza kupanga tarehe. Unyago, kwa sehemu, ulifuata mwili wa msichana mmoja mmoja, na mambo mengine yalirudi tena kwenye ndoa na mimba ya kwanza. Somo lenyewe lilikuwa mikononi mwa makungwi. Nani wa kanisa angekaa nao? Padre ni mwanamume. Wamisheni wa kike hawakuwa wameolewa, na kungwi hawezi kumfungulia siri za unyumba mwanamke asiye na mume. Kanisa lilikuwa na mapadre Waafrika, lakini halikuwa na mwanamke Mwafrika mwenye cheo cha kanisa kinacholingana nao. Kwa hiyo likaamuru nini kiondolewe bila kuwa na mtu ndani wa kuangalia kama kimeondolewa.

 

Siku hizi wavulana wengi hutahiriwa hospitali, na jando linabanwa ndani ya likizo za shule ili mtoto asikose masomo. Nayo makanisa yana makambi ya vijana yenye kwaya, semina na mpira wa wavu. Ratiba imejaa, chakula kipo, wahubiri ni wazuri. Mtihani ndio haupo. Anayepanga kambi ijayo Ruangwa hahitaji kuagiza farasi, wala kurudisha kisu porini. Anahitaji kazi ngumu inayoweza kumshinda kijana mbele ya wenzake, mkubwa anayeijua kazi hiyo kwa mikono yake, na, kwa kambi ya wasichana, mama wa hapohapo aliyepewa mamlaka kabla mwaliko haujaandikwa.